Yule Mama wa Kwenye Kaunta Buku

Kwa siku nne mfululizo Petronila alimchukia mwanamke ambaye hajawahi kumtia machoni. Alimchukia akiwa anapara samaki, alimchukia akiwa anasugua sufuria, na Jumapili alimchukia katikati ya mahubiri mpaka akasahau kusimama wenzake waliposimama. Mwanamke mwenyewe hakuwa mke mwenza wala jirani. Alikuwa ndani ya kaunta buku lililofunikwa kwa gazeti, limeandikwa kwa mkono kwa wino wa bluu, na juu yake mtu amechora kwa herufi kubwa: MAMA YANGU ANA SAUTI.

"Leo kafanya nini tena?" aliuliza Marcelina.

Ilikuwa Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, mwaloni Makoko, ufukweni Musoma. Mitumbwi ilikuwa haijarudi, na wanawake wa meza za samaki walikuwa wamegeuza ndoo zao na kuzikalia. Meza ya Marcelina na ya Petronila zilipakana mwaka wa tisa sasa, na tangu Ijumaa kazi ya kusubiri ilikuwa imepata utamu, kwa sababu Petronila alikuwa anawasomea.

"Ungeuliza hajafanya nini," Petronila alisema, akilamba kidole na kufunua kurasa. "Mtoto kamaliza mtihani, kawa wa tatu darasa zima. Kaja mbio mpaka sokoni. Mama yuko juu ya mitumba yake huko Mwanza, anapiga kelele jero, jero, kila nguo mia tano. Mtoto anasema, mama, nimekuwa wa tatu. Mnajua kajibu nini? 'Kwani hao wawili wana vichwa viwili?' Mbele ya wateja!"

Wanawake waliguna. Mmoja akasonya kwa niaba ya wote.

"Mama gani huyo?"

"Ndiyo hapo! Ningejua anapokaa ningepanda basi nikamwambie."

Marcelina hakuguna wala hakusonya. Aliinama akakikwangua kisu chake cha kuparia, ambacho kilikuwa safi. Neno hilo la vichwa viwili alikuwa amelisikia kwa masikio yake, hapohapo mwaloni, mwaka juzi. Tofauti ni kwamba mtoto alikuwa wa tano, na wenye vichwa viwili walikuwa wanne.

Kama msomaji, Petronila alikuwa na kasoro moja tu: kila kitu kilimuuma yeye. Masomo aliyaacha kidato cha pili, kwao Buswahili, na vitabu vilimrudia ukubwani kupitia tranka la binti yake. Bhoke alikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni ya wasichana huko Bunda, na kila likizo alikuja na riwaya mbili tatu za vijana kutoka maktaba ya shule. Mama yake alizisoma zote kabla mtoto hajamaliza kufua. Kulikuwa na kijana mmoja kwenye riwaya, Jabiri, aliyemwahidi msichana kumwandikia barua akaacha. Petronila alimkasirikia kiasi kwamba mteja wake aliyeitwa Jabiri, mzee wa watu, aliuziwa vichwa vitupu vya sato mwezi mzima. Kwenye riwaya nyingine aliandika kwa kalamu, pembeni mwa maneno matamu ya mvulana, MUONGO HUYU, akapigia mstari mara mbili. Kitabu kikarudi maktaba hivyohivyo, na Bhoke akaadhibiwa kupanga vitabu kwenye rafu kwa wiki tatu.

"Mama, hivi ni vya watoto wa miaka kumi na tano," Bhoke alimwambia.

"Na mimi nilishakuwaga na miaka kumi na tano. Sema tu sikupata nafasi ya kuitumia."

Basi likizo fupi ilipoisha, Bhoke akarudi shule, na nyumba ikabaki bila kitu cha kusoma. Petronila alipekua mpaka akalikuta kaunta buku hilo chini ya godoro la mtoto. Mwandiko haukuwa wa Bhoke. Alijua wasichana wa bweni wananakiliana riwaya kwa mkono, akadhani ni hizo. Jina la mtunzi halikuwepo.

"Sasa sikilizeni hili," alisema asubuhi ile. "Hili ndilo lililonitoa machozi jana." Akasoma, na sauti yake, ambayo ilizoea kuita wateja kutoka barabarani, ikafika mpaka kwa wanaume waliokuwa wanashona nyavu. Mama wa mitumba amekuja shuleni siku ya wazazi. Amekaa na marafiki wa binti yake, wanakula wali aliowaletea. Katikati ya kicheko anawaambia kwamba huyu mwenzao, mnavyomwona hivi, mpaka darasa la sita alikuwa ananyonya kidole. Wasichana wakacheka. Mama akacheka kuliko wote. Jumatatu yake binti akawa ana jina jipya, Kidole, na jina hilo likamfuata darasani, bwaloni, mpaka kwenye foleni ya maji.

Petronila alifunga kaunta. "Mtu kakubeba tumboni, halafu anakuanika kama dagaa."

Marcelina akaweka kisu chini.

"Dada Petro. Huyo mama... humfananishi na mtu?"

"Namfananisha na shetani."

Simu ya Petronila ikaita.

"Mzazi wa Bhoke Onesmo? Mwalimu Mihayo hapa, mwalimu wa nidhamu."

Petronila alisimama haraka, kana kwamba mwalimu anamwona. "Ndiyo, mwalimu. Mtoto anaumwa?"

"Haumwi. Ameandika kitabu. Kinazunguka mabweni yote, wanakinakili, hawasomi. Kinaitwa *Mama Yangu Ana Sauti*."

Petronila alicheka kwa kushusha pumzi. "Hapana, mwalimu, hapo mmekosea mtu. Hicho ninacho hapa mkononi, nimekisoma mara mbili. Hicho kimeandikwa na mtu mwenye akili."

"Mzazi, amekiri. Kamati inakaa Alhamisi, saa nne. Uje mwenyewe, maana wewe ndiye uliyetukanwa."

"Mimi?"

"Wewe, mama."

Simu ikakatika. Huko ziwani injini ya kwanza ikasikika, na wanawake wakaanza kunyanyuka na kugeuza ndoo zao. Petronila alikaa tena juu ya yake.

"Nyani haoni kundule, dada yangu," Marcelina alisema taratibu. "Nilitaka kukwambia tangu Ijumaa."

"Kwa nini hukusema?"

Marcelina alifikiri. "Ulikuwa unasoma vizuri."

Siku hiyo Petronila hakununua samaki. Alirudi nyumbani akalisoma upya kaunta lile tangu mwanzo, safari hii kama mtu anayesomewa hukumu. Mama anayejibu swali kabla halijaulizwa: yeye. Mama anayewasimulia makondakta vidonda vyake vya tumbo: yeye, na wa mwisho alikuwa amempa pole. Mama anayepiga simu kwenye paja ili ipate mtandao. Aliangalia paja lake.

Mumewe, Onesmo, alikuwa uani anapiga randa ubao wa mtumbwi. Alikuwa fundi mzuri, mwenye maneno machache.

"Baba Bhoke, mimi nina sauti?"

Randa ilienda na kurudi mara mbili. "Ya kututosha."

"Ulijua kwamba ni mimi? Kwenye hili kaunta?"

Onesmo alisimama. Alionekana kushangaa kwelikweli. "Kwani wewe ulikuwa hujui? Siku zote hizo nilidhani unajicheka. Nikasema, mke wangu kakomaa."

Petronila alikaa kwenye kigogo. Kilichomuuma zaidi, baada ya yote, kilikuwa ni jina. Siku ya wazazi ya mwaka jana aliifahamu vizuri. Alikwenda na Marcelina, wakabeba sato wa kukaanga na wali, wakaketi na kundi la marafiki wa Bhoke. Akawaambia kwamba huyu, mpaka darasa la nne, ilikuwa kila asubuhi anatoka na godoro lililolowa mgongoni kulianika. Aliwaigizia na mwendo wake. Walicheka mpaka wakamwaga maji. Alirudi Musoma siku hiyo anajisifu kwamba watoto wa watu wamempenda.

"Shuleni wanamwitaga nani?" aliuliza.

"Ziwa," alisema Onesmo.

"Nilidhani ni kwa sababu anatoka Musoma."

Mumewe akashika tena randa. Petronila alikumbuka kwamba hata yeye, kwa furaha, alikuwa ameshamwita hivyo kwenye simu. Ziwa, mwanangu, hujambo?

Aibu yake ilikaa hapo kwa muda mfupi, halafu, kama kawaida ya aibu ya mtu mzima, ikageuka hasira. "Siendi," alisema. "Wamfukuze. Nawakaangia watu samaki kuanzia asubuhi mpaka jioni nimlipie bweni, na yeye anakaa huko ananiandika! Nenda wewe."

"Mimi siwezi kwenda," Onesmo alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na kinyongo. "Mimi kwenye hicho kitabu nimekufa. Ukurasa wa pili. Homa tu. Hata sentensi mbili hazikufika."

Alhamisi Petronila alivaa gauni la Marcelina. Mama wa kwenye kitabu alivaa kanga mbili kila alipokwenda, naye kabatini kwake alikuwa na kanga tu. Gauni lilimbana kwapani, likamlazimisha akae wima kwenye basi kama mtu wa benki. Kutoka Musoma mpaka Kiabakari alijifunza hotuba yake. *Ndiyo, waheshimiwa, nimedhalilishwa.* Kutoka Kiabakari mpaka Bunda aliiongezea mifano.

Na aliapa jambo moja: siku nzima atanong'ona.

"Unasemaje, mama?" mlinzi wa getini aliuliza.

"Nimekuja kikao cha nidhamu."

"Sikusikii."

"Kikao cha nidhamu."

Mlinzi akamtazama juu mpaka chini, uso ukamchanua. "Aa! Kumbe ndiye wewe!" Akafungua geti lote, kana kwamba linaingia lori.

Ilikuwa mapumziko ya chai. Wasichana walikuwa wamekaa kwenye ngazi za madarasa na vikombe vya uji, na alipopita vikombe vilisimama njiani kuelekea mdomoni. Hakuna aliyecheka. Wote walimwamkia kwa heshima kubwa mno, shikamoo mama, shikamoo mama, huku macho yakimpima kama wanaolinganisha picha na mwenye picha. Mmoja, mfupi, alimwambia mwenzake kwa sauti aliyodhani ni ndogo: "Mbona hajavaa kanga?"

Ofisini walikuwepo Mwalimu Hana, mkuu wa shule, mama wa makamo mwenye miwani, na Mwalimu Mihayo, aliyevaa koti la kahawia lililofungwa vifungo vyote vitatu ingawa joto la Bunda lilikuwa limeshapanda. Walimu wengine wawili walijifanya wanasahihisha madaftari. Bhoke alikuwa amesimama karibu na kabati. Viatu amevipiga dawa mpaka vinang'aa. Hakumtazama mama yake.

"Karibu, mzazi. Umefika salama?"

Petronila alijibu.

"Samahani, mzazi," alisema mkuu wa shule. "Ongeza sauti kidogo."

Mmoja wa wale wa madaftari akapaliwa ghafla na mate.

Mwalimu Mihayo alisoma makosa kutoka kwenye karatasi. Moja, kuandika hadithi wakati wa prepo, kipindi cha kujisomea usiku. Mbili, kusambaza maandishi bila kibali. Tatu, kumdhalilisha mzazi.

"Haya mawili ya mwanzo ni adhabu ya fagio tu," alisema. "La tatu ndilo zito. Kwa hiyo tunahitaji kauli yako, mama. Ukisema umedhalilishwa, unasaini hapa, na binti unaondoka naye leo. Hii shule hailei watoto wanaotukana wazazi."

Alisukuma fomu mezani, na kalamu juu yake.

Ukweli ni kwamba Petronila alitaka. Tusimsingizie wema ambao hakuwa nao. Siku tatu alikuwa amepika hasira hiyo na sasa ilikuwa imeiva, na hapa palikuwa na sahani. Alinyoosha mkono. Lakini pembeni mwa fomu palikuwa na kaunta buku jingine, lile la asili, lenye mwandiko wa Bhoke mwenyewe, na jicho lake la msomaji likalipima unene kabla hajalizuia.

"Hili ni nene kuliko langu," alisema.

"Nakala zimeishia sura ya sita," mkuu wa shule alisema. "Hili lina tisa." Kisha akashika miwani yake, kama mtu aliyesema mengi kuliko alivyokusudia.

"Naomba nizione hizo tatu."

"Mzazi, hatujakusanyika kusoma hadithi," alisema Mwalimu Mihayo.

"Mwalimu, nitasainije nisichokisoma?"

Basi akapewa. Alifungua sura ya saba. Ofisi nzima ilimsubiri, na feni ikazunguka. Sura ya saba ilikuwa na mwalimu mmoja aitwaye Mwalimu Koti, ambaye kila asubuhi aliwahesabu wasichana mstarini kwa fimbo. Mara ya kwanza anapata mia mbili na kumi. Mara ya pili mia mbili na sita. Mara ya tatu mia mbili kumi na tisa, na hapo anawachapa wote kwa kosa la kubadilika idadi.

Petronila aliuma mdomo. Akafika mahali ambapo Mwalimu Koti, baada ya saa nzima juani, anagundua kwamba amekuwa akimhesabu mpishi. Kicheko kilimtoka. Hakikuwa kicheko cha kunong'ona. Kilikuwa kile cha mwaloni, na nje dirishani nyayo za wasichana zilisikika zikikimbia kusogea karibu.

"Kuna nini cha kuchekesha?" aliuliza Mwalimu Mihayo.

"Nisamehe, mwalimu. Huyu mwalimu wa kuhesabu..."

"Huyo simjui. Huyo hanihusu. Hapa tunazungumzia heshima yako wewe, si habari za makoti." Mkono wake ulikuwa umeshika kifungo cha juu na kukikaza, ingawa kilikuwa kimefungwa tayari. Mkuu wa shule alikuwa anaitazama dari.

Petronila aliacha kucheka. Alimtazama kijana wa watu, maana Mihayo hakufika hata miaka thelathini na mitano, na akamwona alivyo: mtu ameumia, anaona haya kusema ameumia, basi ameazima jeraha la mwingine alifunge na lake humohumo. *Simjui, hanihusu.* Petronila mwenyewe alikuwa amesema *namfananisha na shetani*. Tofauti yao ilikuwa kwamba yeye alisemea mwaloni, watu wakasikia.

Aliweka kalamu chini.

"Mwalimu, mama wa kwenye kitabu anauza mitumba, Mwanza. Mimi nauza samaki, Musoma. Sijatukanwa."

"Lakini binti mwenyewe amekiri kwamba ni wewe!"

Petronila akageuka. "Bhoke. Ni mimi?"

Mtoto alikuwa amepewa njia. Kila mtu mle ofisini aliiona, pana kama barabara ya lami. Alichotakiwa ni kutikisa kichwa. Aliinua macho, yamejaa maji.

"Ni wewe, Mama."

Petronila alisikia maneno hayo yakimshuka mpaka miguuni, na alishangaa kwamba hayakumwangusha.

"Haya," alisema, kwa sauti yake ya siku zote, maana ile nyingine ilikuwa imemchosha. "Basi ni mimi. Sasa sikilizeni. Hayo maneno nimeyasoma mara tatu, na yote nilishayasema. Mengine nayasemaga kila siku. Nikisaini hapa kwamba mtoto kanitukana nitakuwa mwongo, kwa sababu mtoto kanukuu tu. Mkitaka kumfukuza aliyetukana, basi nifukuzeni mimi, nina nauli ya kurudi."

"Mkuu," Mwalimu Mihayo alisema, "utaratibu..."

"Mwalimu, fomu haina saini," alisema Mwalimu Hana. Akavua miwani. "Atafagia uwanja wiki mbili, na prepo ni ya masomo. Kaunta aondoke nalo mzazi." Akasita. "Mzazi, ukimaliza kulisoma, ungelirudisha. Kwa kumbukumbu za ofisi."

Bhoke alimsindikiza mama yake mpaka kwenye tangi la maji, karibu na geti. Gauni la Marcelina lilikuwa limeachia mshono kwapani.

"Baba yako amekasirika," Petronila alianza.

"Kwa sababu ya kikao?"

"Umemuua ukurasa wa pili."

Bhoke alifunika mdomo. "Sikujua na yeye anasomaga!"

"Alisoma huo tu. Alipokufa akaacha."

Wakacheka wote wawili, na kicheko kikaisha mapema, kama kibiriti chenye unyevu. Petronila alichezea jalada la kaunta.

"Mambo ya mitumba huyajui," alisema. "Robota la mitumba halifunguliwi kwa kisu, unachana nguo za watu. Unaona kabisa mwandishi anabahatisha. Samaki unawajua. Umewapara tangu una miaka saba. Ukiandika tena, mrudishe huyo mama kwenye samaki."

Bhoke alimtazama. "Watajua ni wewe, Mama."

"Mlinzi ameshajua. Nani amebaki?"

Kulikuwa na swali alilotoka nalo Musoma, na hakuweza kuliuliza lilivyo. Alilipitisha kitabuni. "Yule binti. Anamchukiaga mama yake?"

"Sura ya tano tu."

"Na baadaye?"

"Baadaye anamwonea aibu. Siyo kitu kimoja."

"Sasa mwisho wanafanyaje?"

"Mwisho sijaandika." Bhoke alikwangua kutu ya tangi kwa ukucha. "Nilikwama. Kuna kitu mama bado hajasema, na mimi siwezi kumsemea."

Petronila alielewa. Hakuwa mjinga, alikuwa na sauti tu. Neno lenyewe lilikuwa dogo, na yeye ambaye aliweza kuita mteja aliyepo ng'ambo ya barabara alishindwa kulisukuma nusu hatua. Kengele ikalia. Bhoke akampigia goti haraka, akakimbilia darasani.

Jumapili wasichana waliruhusiwa kuongea na nyumbani kwa simu ya matroni, dakika mbili kila mmoja, kwa foleni. Ilipofika saa tisa alasiri simu iliita. Petronila alikuwa ameishika tangu saa saba.

"Mama, shikamoo. Nina dakika mbili."

"Siku ya wazazi," Petronila alisema. "Ile habari ya godoro. Nilikosea, Bhoke."

Kwa mbali zilisikika sauti za wasichana wakisukumana.

"Haya, Mama. Yameisha."

"Hayajaisha. Nilisema mbele za watu, halafu leo nakuomba msamaha sikioni kama mwizi. Nani yuko nyuma yako?"

"Foleni nzima. Flora, na wengine. Mama, tafadhali usi..."

"Sikiliza. Safari hii nakuuliza kwanza. Ukitaka, weka spika niongee nao. Hutaki, acha, tuongee ya kuku. Wewe ndiye mwenye habari yako."

Onesmo, aliyekuwa anaziba mtumbwi uani, aliacha kugonga. Petronila alikuwa ameshajiandaa kuongea ya kuku. Kisha sauti ndani ya simu ikabadilika, ikawa pana, kama mtu amefungua mlango wa ukumbi.

"Endelea, Mama."

Miaka tisa aliita watu kwenye meza yake bila kutetemeka. Sasa ilimbidi ashike ukuta.

"Hamjambo, wanangu. Mimi ni mama yake Bhoke. Yule wa kwenye kitabu." Kicheko kilipasuka, akakisubiri kipite. "Yale niliyowaambia mwaka jana hayakuwa yangu kuyasema. Yalikuwa ya mwenzenu, mimi nikayagawa kama wali. Na jina mlilompa, mlilipata kwangu. Nimekuja kulichukua. Kama lazima mtu aitwe Ziwa, basi niiteni mimi. Mimi ni mkubwa, na nina kelele, na ninanuka samaki. Linanifaa zaidi."

Huko Bunda palikuwa kimya kabisa. Alisikia mtu anavuta kamasi. Alisikia matroni akisema, muda. Akadhani ameharibu tena, kwamba ameongeza aibu juu ya aibu. Ndipo sauti moja nyembamba ikasema, kwa adabu zote:

"Shikamoo, Mama Ziwa."

Foleni yote ikacheka, kwa makelele ya wasichana thelathini ndani ya korido, na simu ikakoroma kwa kuzidiwa. Petronila aliikandamiza sikioni. Hakujali wanamcheka au wanacheka naye. Alikuwa anatafuta kicheko kimoja tu humo ndani, kile kinachoanza kwa kukwama kama cha baba yake, na kabla laini haijakatika alikisikia.

"Umesikika mpaka Bukima," alisema Onesmo kutoka uani.

"Nimejitahidi kunong'ona," alisema Petronila, akakaa chini hapohapo kwenye vumbi.